Malalamiko ya Kubadilishiwa Sensa na Chupa ya Kulanti Bila Gari Kupimwa

Meneja wa Huduma,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: KUUZIWA SPEA NISIZOZIHITAJI

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Nakala ya ankara yenu na kadi ya usajili wa gari nimeziambatisha.

Nilileta gari kwenu kwa tatizo moja tu. Taa ya kiwango cha kulanti, yaani maji ya kupoza injini, ilikuwa inawaka kwenye dashibodi, ilhali injini ikiwa imepoa kulanti ilionekana vizuri kati ya alama za MIN na MAX kwenye chupa. Geji ya joto haikupanda hata kidogo. Nilimweleza mhudumu wa mapokezi kwamba taa ilianza baada ya injini kuoshwa kwa mashine ya presha. Maelezo hayo hayapo popote kwenye kadi ya kazi, na hayo ndiyo yaliyokuwa na jibu lote.

Mafundi wenu walianza kwa kubadilisha sensa, yaani kifaa kinachotambua kiwango cha kulanti. Taa ikaendelea kuwaka. Wakabadilisha chupa nzima ya kulanti. Taa ikabaki vilevile. Ndipo nikaambiwa kwamba ubovu uko kwenye dashibodi, niagize nyingine. Nilikataa, nikalipa sh. 485,000 za spea na ufundi, nikaondoka na taa inawaka.

Fundi umeme wa mtaani kwetu alianza kwa kuuliza taa iliwaka lini na gari lilikuwa limefanyiwa nini. Kisha akachomoa soketi ya sensa na kuimulika kwa tochi. Ndani kulikuwa na unyevu, na pini moja imeota kutu ya kijani. Hakuishia hapo, na hili naomba mafundi wenu walisome kwa makini. Kwenye gari langu, boya lenye sumaku likielea juu hufunga swichi ndogo iliyo ndani ya sensa. Kulanti ikishuka, swichi inaachia na taa inawaka. Magari mengine hufanya kinyume chake, ndiyo maana alitazama kwanza mchoro wa umeme wa gari. Aliunganisha nyaya mbili nyuma ya soketi kwa kipande cha waya, na taa ikazimika. Hapo dashibodi na waya mrefu unaokwenda huko vilithibitika kuwa vizima. Aliporudia kuunganisha kupitia pini za soketi, taa ikawaka tena. Ubovu ulikuwa kwenye soketi. Alibadilisha pini, akakausha na kusafisha soketi, na taa haijarudi tangu siku hiyo.

Sensa yangu ya zamani niliikuta kwenye buti, ndani ya boksi la ile mpya. Tuliipima kwa multimita, kifaa cha kupima umeme: boya likiinuliwa, umeme unapita, likishushwa, unakatika. Ilikuwa nzima kabisa. Mliniambia imekufa, na hakuna kipimo chochote kilichoandikwa kwenye kadi ya kazi kuonyesha mlijuaje.

Kinachoniumiza zaidi ya fedha ni kwamba hamkupima hata upande wa pili. Taa ile ingeweza kuwa inasema kweli. Kulanti hupungua kidogo kidogo kwa mpira uliopasuka, rejeta inayovuja au gasketi ya hedi (ile inayoziba kati ya kichwa na bloku ya injini) iliyoanza kuungua, na dereva akishazoea kuidharau taa, injini inachemka akiwa barabarani. Pampu ya mkono ya kupima presha ya mfumo hufungwa mahali pa kifuniko, injini ikiwa baridi, ikapandishwa hadi kiwango kilichoandikwa kwenye kifuniko, kisha mshale unaangaliwa kama unashuka. Ni kazi ya muda mfupi. Kwenye ankara yangu haipo. Kwa hiyo niliondoka kwenu bila kujua kama gari linavuja au halivuji, nikiwa nimelipia chupa mpya.

Naomba yafuatayo. Mnirudishie gharama ya sensa, chupa na ufundi wake. Spea zenu ziko tayari kurudishwa mkinifungia zangu bila malipo. Mnirudishie chupa yangu ya zamani, ambayo ni mali yangu na sikukabidhiwa. Pia mnieleze kwa maandishi ni kipimo gani kilifanyika kabla ya kila spea kubadilishwa, na nani alikifanya.

Nawaomba pia mbadili utaratibu wenu: fundi aandike matokeo ya kipimo kwenye kadi ya kazi kabla ya kumwomba mteja idhini ya kununua spea. Wateja wengi hawana fundi wa pili wa kumwendea, na wangeinunua ile dashibodi.

Nitasubiri majibu kwa siku 14 tangu mpokee barua hii. Nisipojibiwa, nitapeleka shauri hili Tume ya Ushindani chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayokataza kumpotosha mteja, pamoja na sensa ya zamani na picha za soketi kama vielelezo.

Wenu,

Mmiliki wa gari lililotajwa kwenye ankara