Kabla hujasaini hiyo nyumba ya Creuse, Ufaransa

Mwanangu,

Picha zote nimeziona, zile ulizonirushia jana usiku, na nyumba ni nzuri mashallah, sikatai. Kuta za granaiti, banda kubwa la mawe pembeni, hekta mbili na nusu na mti wa jozi katikati, baba yako kaishika simu yangu anatazama mpaka chai yake ikapoa. Ila nilipofika kwenye ile meseji yako kwamba dalali kasema banda utaligeuza nyumba ya wageni, na upande wa barabarani utakata viwanja viwili uuze ili hela ya ukarabati irudi, basi usingizi ukanitoka. Ndo maana nakuandikia, maana kwenye simu hatufiki mwisho sisi wawili.

Dalali anauza nyumba, hatoi ruhusa ya kujenga. Mambo ya ruhusa yako meri, ofisi ya serikali ya kijiji, kwenye ule mpango wa matumizi ya ardhi, PLU, na vijiji vingine vidogo hata PLU hawana, wanafata sheria ya jumla ya nchi ambayo nayo inakubana vilevile ukitoka nje ya sehemu iliyokwisha kujengwa. Nenda na namba za kadasta, yani namba za vipande kwenye ramani ya ardhi ya serikali, mkononi uulize kipande kwa kipande. Ukikuta wameandika A, yani ardhi ya kilimo, au N ya mazingira, hivyo viwanja viwili vitoe kwenye hesabu, umebaki na malisho. Na banda likiwa ndani ya A kwa kawaida haligeuzwi nyumba mpaka PLU yenyewe iwe imelitaja lile banda kwamba linaweza kubadilishwa matumizi, halafu kuna kamati ya mkoa nayo lazima ikubali. Omba certificat d'urbanisme opérationnel, cheti cha meri kinachosema kama unachotaka kujenga kinakubalika pale, ni bure, jibu linachukua miezi 2 na likitoka linakulinda miezi 18. Wakikuambia yuko mteja mwengine anasubiri nyuma yako, mwache anunue yeye.

Kama kweli huwezi kungoja basi saini mkataba wa awali lakini mwambie notari, yule mwanasheria anayeandika hati za mauzo, aandike sharti humo ndani, kwamba cheti kikija na jibu la hapana mauzo yamevunjika na amana yako unarudishiwa yote. Amana yenyewe huwa asilimia 5 mpaka 10 ya bei, si hela ya kuchezea hiyo. Zile siku 10 za kughairi usizitegemee, zitakwisha meri hawajajibu kitu. Na kwa kuwa kuna ardhi ya kilimo notari atawajulisha SAFER, shirika la ardhi ya kilimo lenye haki ya kununua kabla yako, nao wana miezi 2 ya kuamua kama wataichukua wao, kwa hiyo usikabidhi chumba unachokaa mapema. Juu ya bei weka asilimia 7 au 8 za notari na kodi. Karo la choo uliza ripoti yake, likiwa halifai una mwaka 1 tu tokea siku ya kununua kulitengeneza, na hela inatoka mfukoni mwako.

Sasa nije kwenye ukuta, maana hili ndo lililonitoa usingizi zaidi. Itazame tena picha ya nne, upande wa kaskazini. Umeona ile lipu ya kijivu, laini, imetoka chini mpaka dirishani? Ile ni saruji.

Ulikuwa mdogo sana tulipoinunua yetu, hukumbuki. Fundi tuliyempata alitupigia saruji nje na mbao za jasi ndani, ikawa safi inang'aa, tukafurahi. Baridi ya tatu ukaanza kukohoa usiku, kila usiku, daktari anatoa dawa hii na hii. Siku moja nikavuta kitanda chako nifagie nyuma, nikanusa kuvu, nikabonyeza ukuta chini pale kwa kidole gumba, kidole kikazama. Kikazama mwanangu, kama kwenye mkate uliolowa. Na juu yake ukuta umetoa unga mweupe, nilipoonja ni chumvi.

Babu yako alikuja kutusalimia mwaka ule. Yeye kazi yake yote Unguja ilikuwa chokaa, nyumba za Mji Mkongwe, mawe ya matumbawe na udongo na chokaa iliyochomwa kwenye tanuu. Akaweka kiganja ukutani kakaa kimya, akachukua ufunguo akakwaruza ile saruji, akasema, "Ukuta huu mmeuziba pua." Akatueleza kwamba maji ya ardhini hupanda ndani ya ukuta wa mawe kila siku ya Mungu, chokaa huyaachia yatoke taratibu, saruji huyafungia ndani, na Mji Mkongwe kazijua nyumba zilizotiwa viraka vya saruji zikaoza kwa ndani huku nje zinapendeza. Granaiti ya Ufaransa na matumbawe ya kwetu, dawa ni moja. Tulibandua saruji ile kwa patasi viangazi viwili, tukarudishia chokaa, ikatugharimu kuliko paa zima. Na kikohozi kikaisha.

Kwa hiyo usinitajie bei ya paa peke yake. Nataka kujua saruji iko wapi, imepigwa lini, na nyuma ya zile mbao za ndani kuna nini. Boriti nazo zichome kwa bisibisi pale zinapoingia ukutani, katikati ya boriti huwa nzima hata kama ncha zimeoza.

Usimjibu dalali kitu wiki hii. Jumamosi napanda treni hapa Limoges nashuka La Souterraine, uje unichukue stesheni, na mvua ikinyesha usiahirishe, mvua ndo nzuri tutaona maji yanakwenda wapi. Ufunguo wa babu yako nnao, nakuja nao.

Mama yako