Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Mwaka Wetu na Kasri la Penrhyn

Ndugu wanachama,

Asanteni kwa kufika na mvua hii. Kabla ya yote niwaombe radhi kwa safari ya Juni. Basi tulilokodi lilichelewa saa mbili nzima, na wengine mlisimama kando ya barabara na watoto wadogo. Kamati ilidai, na sehemu ya nauli imerudi. Habari za mapato na matumizi atazisoma mweka hazina. Sitaki kumtilia kitumbua chake mchanga. Mimi nina la kusema juu ya kazi yenyewe ya chama, yaani kusoma historia.

Mwaka jana mlipopitisha kwamba tusome kasri moja la hapa Wales na ukoo ulioishi humo, si wote mliofurahi. Mzee mmoja alisimama akauliza: "Sisi na mabwana hawa tuna undugu gani?" Sikuwa na jibu siku ile. Nililipata kidogo kidogo, na zaidi nililipata kutoka kwenu.

Kasri la Penrhyn liko Llandygai, nje kidogo ya Bangor. Ukilitazama kwa mbali utaapa kwamba limejengwa na Wanormani, wale walioiteka Uingereza zamani, miaka 900 iliyopita: mnara mkubwa wa pembe nne, kuta nene, matao ya mviringo yaliyochongwa mpaka jicho linachoka. Kumbe ujenzi wake ulianza miaka ya 1820, chini ya msanifu Thomas Hopper, ukachukua zaidi ya miaka kumi, wakati ambao hakuna adui aliyekuwa anakuja kuzingira ngome yoyote pale. Ni kijana aliyejipaka unga kichwani ili apishwe kiti cha wazee. Uzee wa kweli ulikuwapo: ukoo wa Gruffudd ulipata ruhusa ya kuizungushia ngome nyumba yao mwaka 1438, na katika karne ya 17 mahali hapo paliangukia mikononi mwa John Williams, Askofu Mkuu wa York. Lakini nyumba hiyo ya kale imemezwa. Kimebaki kipande cha ngazi na chumba cha chini, na mgeni asiyeambiwa hupita bila kujua.

Kilichotushughulisha zaidi ni majina. Mwaka 1765 Richard Pennant alimwoa Anne Susannah Warburton, mrithi wa nusu ya mali ya Penrhyn, akaja kuipata nusu ya pili pia. Mwaka 1783 akapewa cheo cha Baron Penrhyn. Alipofariki mwaka 1808 hakuacha mtoto, mali ikaenda kwa ndugu yake wa mbali, George Hay Dawkins, naye akajiongezea jina akawa Dawkins-Pennant. Huyo ndiye aliyemwita Hopper. Yeye naye hakuacha mtoto wa kiume. Mali ikapita kwa binti yake Juliana, na mumewe Mskoti, Edward Gordon Douglas, akageuka Douglas-Pennant, kisha mwaka 1866 akapewa ubaroni upya. Ukisoma vibao ukutani unadhani ni damu moja inayotiririka. Ukihesabu vizuri, jina ndilo lililokuwa linaifuata mali, si mali inayofuata jina.

Na mali ilitoka wapi? Hapa ndipo mzee wetu alipopata jibu lake. Gifford Pennant alikwenda Jamaica katika karne ya 17, na ukoo ukawa na mashamba ya miwa huko Clarendon. Richard hakuwahi kukanyaga Jamaica. Aliyaendesha mashamba kwa barua, akiwaagiza mawakala habari za sukari, za ng'ombe na za watu katika ukurasa mmoja. Alikuwa mbunge wa Liverpool, mji wanakoishi wengi wenu, na bungeni alisimama tena na tena kuitetea biashara ya watumwa. Aliongoza pia umoja wa wafanyabiashara na wenye mashamba wa West Indies, yaani visiwa vya Karibi. Mwenyekiti mwenzangu, basi! Nilipoisoma habari hiyo nilitazama rungu langu la mikutano kwa jicho jingine.

Sheria ya kukomesha utumwa katika makoloni ya Uingereza ilipopita mwaka 1833, serikali ilitenga pauni milioni 20 za fidia. Dawkins-Pennant alilipwa pauni 14,683 kwa ajili ya watu 764. Watu hao wenyewe hawakupewa kitu, na sheria ikawabakiza kazini chini ya jina la uanagenzi hadi mwaka 1838. Tulipozisoma tarakimu hizi kwenye kikao cha Machi, wenzetu wa Unguja hawakuonyesha mshangao wowote. Wao wanaijua amri ya kukomesha utumwa kwao ya mwaka 1897: nayo ilimfidia bwana. Kasri lile lilikuwa linamaliziwa miaka hiyo hiyo ya fidia. Sisemi kila jiwe lilinunuliwa kwa sukari, maana kulikuwa na pato jingine.

Pato hilo ni sleti, mwamba wa zambarau unaopasuliwa vipande vyembamba vya kuezekea nyumba. Richard Pennant aliyachukua machimbo ya kilima cha juu ya mji mdogo wa Bethesda, karibu na Bangor, mikononi mwake mwaka 1782, akajenga bandari, na mwaka 1801 ikafunguliwa reli ya magari yaliyovutwa na farasi. Mwisho wa karne ya 19 hayakuwapo machimbo ya sleti makubwa kuliko hayo duniani. Ndani ya kasri mnakumbuka kitanda cha sleti cha uzito wa tani moja, kilichotengenezewa ujio wa Malkia Victoria mwaka 1859. Inasimuliwa kwamba alikataa kukilalia. Watoto wetu walikipenda kuliko kitu chochote, na sikuwalaumu.

Wachimbaji walifanya kazi kwa vikundi. Kila kikundi kilipewa kipande chake cha mwamba, na bei ikapatanwa na msimamizi kila mwezi. Mama mmoja wetu aliyekulia kwenye mkonge wa Tanga alisikiliza maelezo marefu ya mpatano huo, kisha akanong'ona: "Si ngwe tu hiyo?" Ni ngwe, ila hii mwenye kuipokea aliruhusiwa kubishana bei, na haki ya kubishana ndiyo waliyoililia. Mtoto wa Edward, George Sholto Douglas-Pennant, hakutaka kusikia habari za chama cha wafanyakazi wala makontrakta wake kupingwa. Mwaka 1896 machimbo yalifungwa kwa karibu mwaka mzima. Tarehe 22 Novemba 1900 watu 2,800 wakatoka kwa mgomo, na wengi wao hawakurudi kwa miaka mitatu.

Juni 1901 milango ilifunguliwa kwa wenye kukubali masharti, na kila aliyerudi akapewa sarafu ya pauni ya dhahabu. Wenzao wakaiita punt y gynffon, pauni ya mkia. Kwenye madirisha ya Bethesda yakabandikwa makaratasi: Nid oes bradwr yn y tŷ hwn, hakuna msaliti katika nyumba hii. Karatasi ilitoa habari hata pale isipokuwapo, kwa sababu dirisha tupu lilitosha kumtaja mwenye nyumba. Kwaya zilizunguka Uingereza zikiimba ili kuchangisha chakula, wanaume wengi wakaenda kwenye makaa ya mawe kusini. Novemba 1903 mgomo ukaisha bila ya kushinda chochote, na wako ambao hawakuitwa tena kazini.

Kasri lilikabidhiwa National Trust, shirika la kuhifadhi majengo ya kale, mwaka 1951 kufidia kodi ya urithi, na mwaka 2021 eneo la sleti la kaskazini-magharibi mwa Wales, Bethesda ikiwamo, likaingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Mwezi Juni tulitumia saa tatu kasrini na dakika 20 Bethesda, na nyingi katika hizo dakika 20 tulikuwa tunatafuta choo. Lawama ni yangu. Ratiba niliipanga mimi.

Kwa hiyo kamati inaleta mbele yenu pendekezo moja. Mwakani tuanzie Bethesda asubuhi, na kasri tuliache kwa mwenye nguvu zilizobaki jioni. Majina yapelekwe kwa katibu kabla ya mwisho wa Februari pamoja na ada. Wenye magoti mabovu wamwambie mapema, maana njia ya machimboni ni ya kupanda.