Kompyuta Mbili, Waya Mmoja, na Bado Hazionani: Pa Kuanzia

Kuta za mawe za nyumba za Mji wa Kale hapa Mombasa ni nene, na Wi-Fi ikishavuka mbili tatu huwa haina nguvu tena. Mteja anayetaka kuhamisha picha za familia, video za harusi au hesabu za duka kutoka kompyuta kuukuu kwenda mpya, sisi hapa dukani humshauri atumie waya wa mtandao uliochomekwa moja kwa moja kati ya mashine mbili. Rauta haihitajiki wala bando halitumiki. Kadi za mtandao zikiwa za gigabiti (megabiti 1000 kwa sekunde; baiti moja ni biti nane) pande zote mbili, faili hupita kwa takriban megabaiti 110 kwa sekunde iwapo diski nazo zinaweza kasi hiyo, kwa hiyo gigabaiti 100 huisha kwa kama dakika 15.

Shida ni kwamba wengi huchomeka, wakaona hakuna kilichotokea, wakaenda kununua waya mwingine. Mara nyingi waya wa kwanza ulikuwa mzima. Kagua kwa mpangilio huu: taa, kisha anwani (namba ya kila mashine mtandaoni), kisha ping (amri ya kuuliza kama mashine ya pili inajibu), na folda mwisho kabisa. Usiruke hatua, kwa sababu kila moja inategemea iliyotangulia.

Taa na waya

Chomeka waya na mashine zote mbili ziwe zimewaka, zisiwe zimelala. Tazama tundu la mtandao: karibu kila tundu lina taa moja au mbili ndogo. Taa ikiwaka pande zote mbili, waya unapitisha, nenda hatua ya anwani. Ikiwa hakuna taa upande wowote, hapo ndipo waya unapostahili kushukiwa.

Waya unaofaa ni wa daraja la Cat5e au Cat6 wenye vichwa vya RJ45, usiozidi mita 100. Waya wa simu ya mezani una kichwa chembamba zaidi na hautafanya kazi hata ukiingia. Na tafadhali usiunganishe kompyuta mbili kwa waya wa USB wenye vichwa bapa pande zote: unakutanisha volti 5 za mashine moja na volti 5 za nyingine, na tundu linaweza kuungua.

Zamani ilibidi utumie waya wa krosi, yaani ule ambao nyuzi za upande mmoja zimebadilishana nafasi. Kadi za gigabiti, ambazo kiwango chake kilitoka mwaka 1999, karibu zote hujigeuza zenyewe, na upande mmoja tu ukiwa na uwezo huo, waya wa kawaida unafanya kazi. Krosi inahitajika pale mashine zote mbili ni za zamani zenye kadi za megabiti 10 au 100 tu.

Ukibana vichwa mwenyewe, shika kichwa kile kidole cha plastiki kikiwa nyuma, meno ya dhahabu yakikutazama na waya ukining'inia chini. Kutoka kushoto panga: nyeupe-machungwa, machungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Upande wa pili vivyo hivyo. Kwa krosi, upande mmoja tu unabadilika: jozi ya machungwa na jozi ya kijani hubadilishana nafasi, yaani 1 na 3, 2 na 6. Usifumue jozi zaidi ya sentimita 1.3 kabla ya kichwa, na hakikisha ganda la nje la waya limeingia ndani ya kichwa likabanwa. Likibaki nje, nyuzi ndizo zinazobeba mvuto wote, na baada ya wiki chache moja hulegea.

Uzi uliolegea una dalili yake. Gigabiti inahitaji nyuzi zote nane, lakini megabiti 100 inatumia nne tu, za nafasi ya 1, 2, 3 na 6. Kwa hiyo uzi wa buluu au wa kahawia ukikatika, muunganisho mara nyingi haufi, unashuka tu. Ukiona faili zinakwenda kwa megabaiti 11 au 12 kwa sekunde ilhali kadi zote ni za gigabiti, zile gigabaiti 100 zitachukua zaidi ya saa mbili, na kosa liko kichwani mwa waya. Kabla ya kulaumu waya, hata hivyo, angalia kama unatumia adapta ya USB 2.0: nyingi mwisho wake ni megabiti 100.

Sisi wa pwani tuna adui mwingine, nao ni hewa ya chumvi. Tundu lililokaa wazi miaka mingi katika nyumba iliyo karibu na bahari, Nyali au Likoni, hupata utando wa kijani au mweusi kwenye meno. Zima mashine, chomoa umeme, toa betri kama inatoka, kisha safisha kwa brashi laini iliyoloweshwa kidogo pombe ya isopropili, na uache pakauke kabisa. Usikwangue kwa kisu wala pini: dhahabu iliyopakwa pale ni nyembamba sana, na ikitoka, kutu hurudi haraka kuliko mwanzo.

Anwani: 169.254 si ugonjwa

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika cmd, kisha kwenye dirisha linalofunguka andika ipconfig. Wengi wakiona anwani inayoanza na 169.254 hudhani mashine imeharibika. Haijaharibika. Nyumbani rauta ndiyo inayogawa anwani. Hapa hakuna rauta, basi baada ya kusubiri kidogo kila kompyuta imejipa anwani yenyewe. Mashine mbili zenye anwani za 169.254 zinaweza kabisa kuzungumza. Vilevile ujumbe kwamba hakuna intaneti kwenye waya huo ni wa kawaida.

Hata hivyo tunapendelea kuandika anwani kwa mkono, kwa kuwa hazibadiliki. Bonyeza Windows na R, andika ncpa.cpl, bofya kulia kadi ya waya, ingia kwenye sifa zake, chagua toleo la nne la IP. Mashine ya kwanza ipe 192.168.50.1, ya pili 192.168.50.2, na zote mbili 255.255.255.0 kwenye mstari unaofuata. Mstari wa geti (Default gateway, mlango wa kutokea kwenda intaneti) na mistari ya DNS (kitabu cha majina ya tovuti) iache tupu. Ukijaza geti, kompyuta inaweza kuanza kupeleka safari za intaneti kwenye waya usiofika popote, na Wi-Fi yako itaonekana imekufa. Na usitumie 192.168.1 au 192.168.0, kwa sababu rauta nyingi za nyumbani ziko huko, na kompyuta itakuwa na njia mbili zenye jina moja.

Ping inasema mengi

Kutoka mashine ya kwanza andika ping 192.168.50.2. Majibu manne yakirudi, waya na anwani viko sawa. Yasiporudi, soma maneno yaliyoandikwa. "Destination host unreachable" ikitoka kwa anwani yako mwenyewe maana yake mwenzio hakupatikana kabisa: rudi kwenye taa na anwani. "Request timed out" mara nyingi maana yake mwenzio yupo, ila ukuta wake wa moto (firewall, kinga ya Windows dhidi ya wageni wa mtandaoni) umekataa kujibu.

Jaribu pia kutoka upande wa pili. Ping ikikubali kwenda upande mmoja na kukataa kurudi, waya ni mzima kabisa, usiuguse. Shughulikia ukuta wa moto wa mashine isiyojibu. Windows huuona muunganisho usio na geti kama mtandao usiojulikana na kuuweka kwenye Public, yaani inajikinga kana kwamba uko kwenye Wi-Fi ya mkahawa. Fungua PowerShell kama msimamizi uandike Set-NetConnectionProfile -InterfaceAlias "Ethernet" -NetworkCategory Private, ukiweka jina la kadi yako kama linavyoonekana kwenye ncpa.cpl, kisha uwashe kushiriki faili na printa. Kompyuta ikizimwa na kuwashwa inaweza kurudi Public, hivyo angalia tena. Kuzima ukuta wote wa moto hatukushauri. Watu husahau kuuwasha, na laptopu hiyohiyo kesho iko kwenye mtandao wa watu.

Folda inayodai nywila

Ping imekubali. Andika \\192.168.50.2 kwenye mstari wa anwani wa dirisha la faili. Ikidai jina na nywila, jua kwamba PIN unayofungulia kompyuta si nywila, na mtandao hauitambui. Akaunti isiyo na nywila kabisa nayo hukataliwa. Kama unaingia kwa akaunti ya Microsoft, weka barua pepe na nywila yake. Njia ya mkato tunayoipenda ni kufungua kwenye mashine unayoifikia (hapa 192.168.50.2) akaunti ya kawaida yenye nywila, kwa kazi hiyo tu, na kuifuta ukimaliza.

Ikikuingiza lakini ikakataa kufungua folda, ruhusa zimewekwa sehemu moja badala ya mbili. Kuna ruhusa za kushiriki na kuna ruhusa za usalama za folda yenyewe, na akaunti lazima iwe kwenye zote.

Mashine ya Windows XP ni kesi ya peke yake. Inazungumza toleo la kwanza pekee la SMB (lugha ya Windows ya kushiriki faili), ambayo Windows mpya zimeacha kuiweka tangu 2017 kwa sababu za usalama. Usiilazimishe. Toa diski, iweke kwenye adapta ya USB, nakili.

Kwa mzigo mkubwa usivute kwa kipanya. Umeme ukikatika katikati hujui kilichofika na kilichobaki. Kwenye dirisha la cmd tumia amri ya kunakili ya Windows: robocopy D:\Picha \\192.168.50.2\Picha /E /Z /R:3 /W:5, ukiwa umeruhusu akaunti hiyo kuandika kwenye folda ya upande wa pili. Umeme ukirudi toa amri ileile: itaruka yaliyokwisha fika na kuendelea na faili iliyokatikia njiani. Usisahau /R:3, kwani bila hiyo programu hujaribu faili mbovu mara milioni moja, ikisubiri sekunde 30 kila mara.

Ukikwama, tutumie picha tatu: taa za matundu yote mawili, ipconfig ya kila mashine, na maneno kamili ya ping. Mara nyingi hizo zinatosha kukuelekeza bila kuja dukani. Ukija, lete kompyuta zote mbili, chaja zake, na waya uleule uliokusumbua.