Gego lisilo na tundu lipimwe kwa kijiti kabla ya kung'olewa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua. Makala ya afya mliyoitoa hivi karibuni kuhusu maumivu ya meno ilieleza vizuri habari ya sukari, matundu na mswaki. Lakini haikugusa kabisa jino lenye ufa. Mimi ni mama lishe hapa Msamvu, Morogoro, na ninalo gego la namna hiyo, ndiyo maana nimeona nisikae kimya.

Langu lilianza na kijiwe kwenye wali. Nilikuwa naonja chakula cha mchana, kikagonga gego la chini upande wa kushoto, nikakitema na kuendelea kupakua. Baada ya hapo ugali na maharage vilipita bila shida, ila nikitafuna karanga au nyama yenye mishipa, maumivu yanakata kama wembe kisha yanapotea. Maji ya baridi sikuyaweza tena. La ajabu ni kwamba maumivu yenyewe hayaji unapouma, yanakuja pale unapoachia. Na ukiulizwa ni jino lipi, kidole kinazunguka upande mzima bila uhakika.

Kituo cha kwanza walinitazama mdomoni, wakapiga eksirei, wakasema hakuna tundu. Nikapewa antibayotiki. Niliporudi na maumivu yaleyale nikaambiwa nionyeshe jino ninalotaka ling'olewe. Jamani, mgonjwa asiyejua ni lipi linalouma atachagua vipi? Nilikataa, nikatoka.

Daktari wa meno wa hospitali niliyokwenda baadaye hakuanza na picha. Alichukua kijiti kidogo cha plastiki, akakiweka juu ya ncha moja ya gego, akasema, "Mama, uma. Haya, achia." Akahamia ncha ya pili, ya tatu. Alipofika ile ya nyuma upande wa ulimi, nilipoachia tu nikamshika mkono. Akasogeza taa kubwa pembeni, akamulika jino kwa kitochi chembamba. Upande mmoja uling'aa, mwanga ukafika mahali ukakatika, ng'ambo ya pili kukabaki giza. Kisha akanichoma ganzi, akaitoa dawa ya rangi ya fedha niliyozibwa tangu usichana wangu, akapaka rangi ya bluu, akasuuza, akanipa kioo nijionee. Mstari wa bluu ulikuwa umepita kwenye sakafu ya jino kutoka mbele kwenda nyuma.

Nilimuuliza kwa nini picha haikuuonyesha. Akanieleza kwamba eksirei ya meno hupigwa kutokea ubavuni, na ufa wa gego mara nyingi huenda mbele na nyuma, kwa hiyo mionzi inaupita bila kuacha alama. Mgonjwa mwenye picha safi anaweza kuwa na ufa. Akanieleza pia habari ya kuachia. Ukiuma, pande mbili za ufa zinaachana kidogo. Ukiachia zinarudiana ghafla, na majimaji yaliyo kwenye vijitundu vidogo vya ndani ya jino yanasukumwa na kushtua mshipa wa fahamu.

Kijiwe hakikufanya kazi peke yake. Jino lililozibwa eneo kubwa kuta zake zimebaki nyembamba, na huweza kupasuka kwa jambo ambalo jino zima lingelihimili. Wengine husaga meno usingizini miaka na miaka, na anayejua ni yule wanayelala naye chumba kimoja. Wengine hupigwa kidevuni kwenye ajali ya bodaboda, meno ya chini yakagongana na ya juu. Na hapa stendi naona kila siku vijana wanafungua soda kwa magego, wanavunja mifupa, wanatafuna barafu. Nawasema, wananicheka.

Watu wanajaribu kila kitu. Mafuta ya karafuu yanatia ganzi kwa muda, sawa. Kuweka kidonge cha aspirini juu ya fizi kunaunguza fizi, acheni. Antibayotiki haiwezi kufunga ufa. Mfupa ukivunjika unaunga, lakini gamba gumu la jino halina chembe hai za kulijenga upya, kwa hiyo ufa ukishaingia haurudi nyuma, unaweza tu kuzuiwa usiendelee. Mimi nilifungwa kwanza mkanda mwembamba wa chuma kuzunguka jino, ili daktari aone kama litatulia. Lilitulia, nikavikwa kofia inayolishika jino lote lisifunguke. Kama maumivu ya baridi yangekuwa yanadumu muda mrefu, au jino linauma lenyewe usiku, ingebidi kwanza mshipa wa ndani utolewe na mizizi izibwe. Ufa ukishashuka hadi kulitenga jino vipande viwili, hapo kwa kawaida ni kung'oa. Ndiyo sababu kuchelewa kunagharimu. Ile mistari myembamba inayoonekana juujuu kwenye meno ya mbele ya watu wazima haina neno, asiwatishe mtu.

Kofia ni ghali kwa mtu wa biashara kama yangu, nimeilipa kidogo kidogo. Kung'oa ni bei ndogo, na ndiyo maana wengi tunaishia huko. Lakini kile kijiti ni kitu kidogo sana. Naomba wanaosimamia afya ya kinywa wahakikishe kila chumba cha meno, hata cha kituo cha afya cha kata, kinacho na kinatumika kabla ya koleo.

Kwa wenye mashine za kukoboa mpunga nina ombi pia. Mpunga wetu unapigwa na kuanikwa chini, mawe lazima yaingie. Mitambo ya kutenganisha mawe na mchele ipo, na mchele uliopita humo nimeupika, naujua. Mimi na wasichana wangu tunachagua mchele alfajiri kwa taa ya umeme, sinia baada ya sinia, na bado jiwe jeupe linafanana na punje na linatuponyoka. Anayeuza mchele gunia zima asituachie sisi wapishi kazi hiyo yote, maana anayeuma jiwe ni mteja.

Na kwako Mhariri, mwombe daktari wenu aandike sehemu ya pili ya makala ile, mweke na picha ya hicho kijiti, ili mgonjwa akifika asipopimwa nacho aweze kukiulizia.

Mama lishe,
Msamvu, Morogoro.