Mume na Mke, Fomu 8606 Mbili

Jumatatu iliyopita simu ya ofisi yetu ya kutayarisha kodi ililia saa mbili asubuhi, kikombe cha chai bado kimejaa. Ni mteja wetu, yeye na mkewe wanafaili pamoja tangu wahamie Minnesota. Alikuwa ameiona bili ya ritani yao, yaani fomu za kodi za mwaka, na kusimama kwenye mstari mmoja: Fomu 8606, ya kuripoti fedha za IRA, yaani akaunti binafsi ya akiba ya uzeeni, mara mbili, dola 190. "Dada, hiyo ni fomu tu, na kompyuta ndiyo inayojaza. Halafu unatutoza mara mbili wakati sisi tunafaili pamoja?"

Sikukasirika. Haya, nilikasirika kidogo. Swali hilo tunaulizwa kila msimu ofisini hapa, na wengine hawaulizi, wanaondoka tu na kwenda kusema kwenye magrupu kwamba tunakamua watu. Kwa hiyo leo nalijibu kwa kirefu, ili anayeondoka aondoke akijua anachokiacha.

Kwanza hilo la mara mbili. Mnaweza kufaili pamoja, kulipa mkopo wa nyumba pamoja na kugombania rimoti pamoja, lakini IRA haina ndoa. Kila akaunti ni ya mtu mmoja, kwa jina lake na namba yake. Mume akigeuza yake kuwa Roth, aina ya IRA ambayo fedha zake hulipiwa kodi kabla ya kuingia na hazitozwi zikitoka uzeeni, na mke akageuza yake, kila mmoja ana Fomu 8606 yake, ana historia yake ya miaka ya nyuma, na ana salio lake la tarehe 31 Desemba. Nikiziunganisha nimewaharibia wote wawili.

Wengi wa wanaofika kwetu na jambo hili ni manesi wanaochukua ovataimu, watu wa kompyuta na wafamasia. Kipato chao kimepita kikomo cha kuweka fedha moja kwa moja kwenye Roth. Kwa mwaka wa kodi 2025, anayefaili peke yake anaanza kupunguziwa kiasi anachoruhusiwa kuweka kwenye dola 150,000 na mlango unafungwa kabisa kwenye 165,000. Wanandoa wanaofaili pamoja ni 236,000 hadi 246,000. Hapo ndipo watu hupita mlango wa nyuma: unaweka fedha kwenye IRA ya kawaida, ile Traditional, bila kuomba kupunguziwa kodi, kisha unaigeuza kuwa Roth. Ni halali. Tangu 2010 hakuna kikomo cha kipato kwa mtu anayegeuza. Shughuli yenyewe kwenye tovuti ya kampuni ya uwekezaji haichukui hata robo saa, na ndiyo maana watu wanadhani kuiripoti nako ni robo saa.

Januari ikifika, kampuni inakutumia Fomu 1099-R, ya kuonyesha fedha zilizotoka kwenye akaunti. Kisanduku namba 1 kinasema dola 7,000 zimetoka. Kisanduku 2a, penye kiasi kinachotozwa kodi, nacho mara nyingi kinasema 7,000, na pembeni, kwenye 2b, kuna alama kwamba kiasi hicho hakijabainishwa. Maana yake ni kwamba kampuni haijui. Inajua fedha zimetoka, haijui kama ulikuwa umezilipia kodi kabla ya kuziweka. Unayejua ni wewe, na mahali pa kusema ni Fomu 8606, si pengine popote.

Programu ya kodi inauliza habari hii sehemu mbili zilizo mbali kabisa. Sehemu ya kwanza ni kwenye mapato, unapoingiza 1099-R. Ya pili ni kwenye makato, inapouliza kama ulichangia IRA. Watu wanajibu ya kwanza, wanaona kodi imepanda kwa dola elfu na kitu, wanashtuka, na mkono unaanza kutafuta njia ya mkato. Laiti wangeendelea mbele hadi sehemu ya pili, ile kodi ingeshuka yenyewe.

Njia ya mkato ninayokutana nayo zaidi ni kubofya jibu linalosema fedha zilihamishwa tu kutoka akaunti moja kwenda nyingine ya aina ileile. Kodi inarudi sifuri papo hapo, mtu anafurahi, anatuma. Lakini kuhamisha na kugeuza ni vitu viwili. Ritani inakwenda bila Fomu 8606, huku IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, ina nakala yake ya 1099-R inayosema 7,000. Mwaka mmoja baadaye, au zaidi, inakuja barua ya CP2000 yenye kodi, riba, na wakati mwingine faini ya asilimia 20 juu yake. Una siku 30 za kujibu. Mteja mmoja barua yake ilifika wiki aliyosafiri kwenda Kisumu kumzika baba yake. Alikaa wiki sita. Aliporudi, sanduku la posta lilikuwa limefurika, na muda wa kujibu ulikuwa umepita. Tuliimaliza, fomu ikakubaliwa, lakini saa nilizotumia kwenye barua zile zingetosha kufanya ritani nne za kawaida. Alilipia saa hizo, na hakufurahi, na simlaumu.

Wengine wanakifuta kisanduku 2a na kuandika sifuri kwa mkono, eti kampuni imekosea. Tafadhali, andika kilichochapishwa. Na usisahau kuweka alama kwenye kile kisanduku kidogo cha IRA/SEP/SIMPLE kilicho karibu na namba 7. Bila alama hiyo programu inadhani ni pensheni ya kazini, inaipeleka mstari wa 5 wa Fomu 1040, ritani yenyewe, badala ya mstari wa 4, na maswali ya 8606 hayatokei kamwe. Kisanduku kidogo kama punje ya mtama.

Kosa lililoniuma zaidi lilikuwa la dada mmoja, nesi wa mkataba anayezunguka majimbo. Alifanya kila kitu sawasawa kule kwenye kampuni. Alipofika kwenye programu, sehemu ya michango, aliulizwa: Traditional au Roth? Akafikiri, fedha zangu sasa ziko wapi? Ziko Roth. Akajaza 7,000 kama mchango wa Roth. Programu ikamwambia kipato chake kimezidi, mchango haukubaliki, kuna faini ya asilimia 6, yaani dola 420, kila mwaka mpaka zitoke. Dada wa watu akapiga simu kampuni siku hiyohiyo, akazitoa zote. Alipokuja kwetu kulalamika juu ya programu, siku 60 za kuzirudisha zilikuwa zimepita kwa siku kumi na moja. Hakuwa na faini yoyote. Hakuwa na tatizo lolote! Mchango wake ulikuwa wa Traditional, kwa sababu ndiko fedha zilikoingia kwanza, na kule Roth zilifika kwa kugeuzwa, si kwa kuchangwa. Kubofya sehemu moja tofauti kungemwachia dola elfu saba zake zikae mpaka uzeeni.

Sasa nije kwa madereva wa malori, maana hao wana shimo lao.

Kaka mmoja ana lori lake mwenyewe, na mkewe ni mfamasia. Mtayarishaji wa zamani alimfungulia SEP IRA, jambo zuri kwa mtu aliyejiajiri, na ndani yake zilikuwa zimefika dola 63,000. Mwaka 2024, kwenye kituo cha mafuta huko Iowa, mwenzake akamweleza habari za mlango wa nyuma. Akafungua IRA ya kawaida, akaweka 7,000, akageuza kesho yake. Alikuja kwangu ana uhakika kodi ni sifuri, kwa sababu mwenzake alipata sifuri.

Nikamweleza kwa makande. Ukipika mahindi na maharage sufuria moja, ukichota upawa huwezi kuamuru yaje maharage matupu. IRS inazihesabu IRA zako zote za Traditional, SEP na SIMPLE (ile ya waajiri wadogo) kama sufuria moja, hata zikiwa kampuni tatu tofauti, na inatazama zilizobaki tarehe 31 Desemba. Yeye alikuwa na 70,000 kwa jumla, na zilizokwisha kulipiwa kodi ni 7,000, sehemu moja ya kumi. Kwa hiyo katika 7,000 alizogeuza, 700 tu hazikutozwa. Zile 6,300 zilitozwa kwa asilimia 24, dola 1,512. Akaniuliza kama tunaweza kuifuta. Hatuwezi; tangu 2018 ukishageuza umegeuza. Nilichoweza ni kuandika 6,300 kwenye mstari wa 14 wa fomu yake, ili haki yake isipotee na aje aidai miaka ijayo. Kisha mwaka uliofuata, kabla ya Desemba kwisha, akaihamishia sehemu yote ya SEP ambayo haijalipiwa kodi kwenye 401(k) ya mtu aliyejiajiri, mpango wa akiba ya uzeeni wa kazini, kwa sababu 401(k) haimo kwenye sufuria. Mkewe, ambaye hakuwa na IRA nyingine yoyote, hakuguswa kabisa. Hapo tena mnaona kwa nini ni fomu mbili.

Swali la salio la Desemba programu inaliuliza. Linakuja limejificha baada ya kubofya mara nyingi, na watu waliochoka wanaandika sifuri. Sisi hatukubali sifuri bila taarifa ya akaunti. Kama kuna senti themanini za riba zimebaki mle, nataka kuziona hizo senti themanini.

Kuna wanaoniambia, "Mimi sikudanganya, nilijibu kila swali, na nikalipa kodi yote waliyosema." Hao ndio wanaoumia kimyakimya, kwa sababu IRS mara nyingi haimwandikii barua mtu aliyelipa zaidi. Februari 2025 walikuja mume na mke, nikawaomba ritani za miaka minne, 2020 hadi 2023. Kila mwaka wote wawili walikuwa wamepita mlango wa nyuma, na kila mwaka mstari wa 4b, penye kiasi kinachotozwa kodi, ulikuwa umebeba kiasi chote. Walikuwa wamezilipia kodi fedha zilezile mara mbili, bila kujua. Mwaka 2023 pekee zilikuwa dola 13,000, kodi ya ziada 3,120. Tukarekebisha 2023 na 2022 kwa mtandao kwa Fomu 1040-X, na ya 2021 tukaichapisha na kuipeleka posta kwa kusajili, kwa sababu miaka ya mbali haipokelewi kwa mtandao. Jumla walirudishiwa dola 8,880 za serikali kuu. Halafu jimbo letu nalo, kwa Fomu M1X, maana Minnesota inaanzia hesabu zake kwenye za serikali kuu na kosa likiingia juu linateremka mpaka chini.

Ya 2020 ilikuwa imekwisha. Miaka mitatu ya kudai ilikatika Mei 2024. Dola 2,880. Mama yule alitazama dirishani muda mrefu, kisha akauliza kama kweli kompyuta haikumwonya. Haikumwonya. Programu inapiga hesabu ya ulichoiambia, na haina njia ya kujua ulichosahau kuiambia.

Kwa hiyo hizo dola 95 kwa fomu ni kazi gani? Ninasoma 8606 ya mwisho uliyofaili, na kama hukuwahi kuifaili ninaandika ya mwaka uliokosekana. Ninapiga mstari chini ya tarehe ya kila mchango, kwa sababu mchango uliowekwa Februari 2025 kwa ajili ya 2024 na kugeuzwa Machi 2025 unaandikwa kwenye ritani mbili: mchango kwenye ya 2024, kugeuza kwenye ya 2025. Mwaka jana peke yake hiyo ilitukosesha usingizi mara sita. Halafu kabla ya kubofya kutuma, ninachapisha. Ndiyo, karatasi. Ninatazama 4a iwe na kiasi kizima, 4b iwe sifuri au dola chache za faida iliyopatikana kabla ya kugeuza, na 8606 iwepo kwa kila mmoja aliyegeuza. Ukitumia programu mwenyewe, fanya hivyo hivyo, wala huhitaji kunilipa. Kama 4b ina 7,000 na ulipita mlango wa nyuma, usitume.

Wapo wanaofanya kazi hii kwa dola 40, meza ikiwa dukani kati ya kadi za simu na unga wa sembe. Sina ugomvi nao kwa W-2 moja, ile fomu ya mshahara, na watoto wawili.

Mchango wa 2025 mwisho wake ni tarehe 15 Aprili 2026, na kikomo ni 7,000, au 8,000 kwa aliyefikisha miaka 50. Mchango wa 2026 ni 7,500. Ukija ofisini njoo na 1099-R, taarifa ya kila IRA uliyonayo ya tarehe 31 Desemba, hata ile uliyoisahau kwenye kazi ya zamani, pamoja na ritani za miaka mitatu. Fomu 5498, ya kuonyesha michango ya IRA, usiisubiri, inafika mwisho wa Mei watu wameshafaili. Na yule kaka wa Jumatatu, bili yako haijabadilika, ila nimegundua mkeo ana SIMPLE IRA ya kliniki aliyoacha 2022, na kwenye dodoso, penye swali la IRA nyingine, mliandika hapana. Nipigie.