Bunduki yangu ya upepo, we acha tu

Mambo vipi mzee,

Najua utacheka. Unakumbuka ile bunduki ya upepo niliyonunua kwa mtu, ya kukunja mtutu, ukaniambia hapo umeuziwa ugomvi? Basi ugomvi nimeuona, tena wiki tatu nzima.

Mwanzo ilikuwa inapiga kishindo kikubwa na moshi unatoka mtutuni, mi nikajua hapa nimepata chuma cha nguvu, kumbe wapi. Yule jamaa alikuwa anamiminia mafuta ya kawaida kwenye kile kitundu cha hewa kila akiitumia, sasa pistoni ikisukumwa mbele na springi hewa inabanwa inapata joto kali, mafuta yanalipuka humo ndani kama injini ya dizeli. Risasi moja inaenda juu, ya pili chini, ya tatu hujui imeenda wapi.

Nikaamua kuifungua. Hapo ndo nikakushukuru kwa ile klampu yako ndefu, maana springi inakaa imebanwa hata kama bunduki haijakokiwa, ukitoa ile pini kichwakichwa kifuniko cha nyuma kinakurukia usoni. Nikaibana, nikatoa pini, nikalegeza taratibu mpaka ikaisha nguvu. Springi yenyewe nikaiviringisha juu ya meza, ikawa inayumba kama mlevi, imepinda katikati. Sili ya pistoni, ile ya mbele inayozuia hewa isivuje, ndo usiseme, ukingo umeungua mweusi na kipande kimemeguka.

Sasa hapa ndo nilipokosea mwenyewe. Badala ya kuchukua springi ya saizi yake, tamaa ikanishika nikaweka ngumu zaidi. Kuikoki mpaka mkono unatetemeka, ikifyatuka inaruka mbele na nyuma, skrubu zinazoshika kitako cha mbao zinalegea kila baada ya risasi kumi, na shabaha ikawa mbovu kuliko mwanzo! Nikafungua upya (klampu tena), nikarudisha springi ya kawaida, sili mpya, kila kitu nikafuta kikavu halafu nikapaka grisi nyeusi ya molibdenamu kidogo sana kwenye springi na ubavuni mwa pistoni, mbele ya sili sikugusa kabisa.

Bado ikawa dhaifu. Aisee nilitaka kuitupa.

Siku hiyo usiku nikakata kipande cha tishu nikakilaza pale mtutu unapofungia, nikaweka risasi ndani kama kawaida, maana kufyatua tupu ni kuua pistoni, inagonga mwisho bila kizuizi cha hewa. Nikapiga kwenye boksi la mchanga. Tishu ikaruka kama imepulizwa! Yaani wiki zote hizo nahangaika na mashine ya ndani, kumbe upepo unatorokea kwenye kile kioringi kidogo (kipete cha mpira) cha hapo mtutu unapofungia, kimekauka na kulala bapa. Nikaweka kipya, kikazama ndani zaidi ya inavyotakiwa, nikakata kipande chembamba cha plastiki nikatanguliza chini yake, kikanyanyuka. Tishu sasa haitikisiki.

Jana kwa mita 10 nimepiga 5, zote zinafunikwa na kizibo kimoja cha soda. Ila ukiishika kwa kuibana zinatawanyika, inataka ulaze tu mkono wa mbele chini ya mbao uiache icheze yenyewe. Hilo nimelijua kwa kupoteza nusu kopo la risasi.

Kilichobaki ni triga, ni ndefu unavuta mpaka unasahau ulikuwa unalenga nini, na sijathubutu kuigusa sababu nikiilegeza vibaya itafyatuka yenyewe na mtutu umekunjwa, vidole viishie hapo. Hiyo nataka tuiangalie wote wawili. Klampu yako iko salama, imepata grisi tu kwenye mshikio. Ukija kuichukua njoo na ile bisibisi yako ndogo, hii yangu imeshakula kichwa cha skrubu moja na sijui hata nitaitoaje.

Wako mbishi