Papi za upinde: kwa nini robo milimita ina bei yake

Fundi wa paa ukimtajia papi, anaona mbele yake mbao za mbili kwa mbili. Hapa kwenye karakana yetu ya Keko, Dar es Salaam, papi ni kitu kingine. Tunazungumzia kipande cha mbao au mwanzi chenye unene wa milimita mbili, pengine moja na nusu, upana wa vidole vitatu na urefu wa mita kasoro kidogo. Ukikishika ncha moja, ncha ya pili inachezacheza kama ukindu. Papi tatu au nne za namna hiyo zikipangwa na kugandishwa kwa gundi, na tabaka jembamba la faibaglasi likawekwa mgongoni (upande unaotazama shabaha) na tumboni (upande unaomtazama mvutaji), ndiyo mikono ya upinde wa shabaha.

Wateja wa kazi hii si wengi, ila karibu wote wanakuja na swali lilelile: "Mafundi, mbona mtaani wananirandia ubao mzima kwa bei ya soda mbili, nyinyi upapi mmoja tu mnanitoza hivi?"

Swali ni la haki, na jibu lake liko kwenye hesabu. Ugumu wa mbao kupinda haupandi sawa na unene, unapanda kwa unene mara unene mara unene. Tuseme mkono wa upinde wako una unene wa jumla wa milimita 10, na upinde unavutika kwa pauni 40, yaani kama kilo 18. Ukizidisha unene kwa robo milimita tu, ambayo ni sawa na karatasi mbili tatu za daftari, ugumu unapanda kwa karibu asilimia 8. Ulitaka upinde wa pauni 40, umepata wa 43.

Pauni tatu mtu mzima atazivumilia. Balaa ni pale robo hiyo inapokuwa kwenye mkono wa juu, na mkono wa chini hauna. Ukivuta upote, yaani kamba ya upinde, mkono dhaifu unainama zaidi ya mwenzake, na utakaa wiki nzima unakwangua faibaglasi kusawazisha kosa lililofanyika kabla ya gundi.

Wapo wanaotuambia kwamba mbao ya katikati haina kazi, kwa vile nguvu yote iko kwenye faibaglasi. Nusu ya maneno hayo ni kweli. Faibaglasi ndiyo inayobeba mvuto upande wa mgongo na mgandamizo upande wa tumbo. Lakini umbali kati ya tabaka hizo mbili unapangwa na mbao, na umbali huo ndio ugumu wenyewe.

Sasa, mashine ya kuranda inakosea wapi? Vile vyake vinanyanyua nyuzi za mbao kabla ya kuzikata. Kwenye ubao wa inchi moja huoni kitu. Ukishuka chini ya milimita tatu, upapi hauna tena mwili wa kujizuia: unanyanyuka, unagonga vile, unatoka upande wa pili ukiwa vibanzi. Mvule, ambao nyuzi zake zinapishana, ndio unaoongoza kwa kupasuka. Wengine wanaubandika upapi juu ya ubao mnene kisha wanaupitisha, na kwa mbao yenye nyuzi zilizonyooka wanafanikiwa. Sisi tulishachoka kubahatisha. Tunapasua kwa msumeno tukiacha milimita moja na nusu ya ziada, halafu kazi yote iliyobaki ni ya msasa.

Kama una drili ya kusimama, kazi hii unaweza kuifanya nyumbani, na hatuoni sababu ya kukuficha. Funga silinda ya msasa yenye kimo kuzidi upana wa upapi wako. Kando yake kaza kipande cha mbao ngumu kilichonyooka, kiwe ukuta. Upapi unasimama kwa ubavu na kupita kati ya silinda na ukuta. Usukume kwa kupingana na mzunguko wa silinda, kamwe usiende nao. Ukienda nao, silinda inaunyakua na kuurusha kama mshale, na aliyesimama mbele atakusimulia. Kila mpito punguza kidogo sana, robo milimita au chini ya hapo. Na kumbuka kwamba drili iliundwa kusukumwa kwenda chini. Ikisukumwa sana kwa ubavu, kichwa kinachoshika keekee kinaweza kuchomoka kikiwa kinazunguka.

Kosa ambalo kalipa, kile kifaa cha kupimia unene, haikuonyeshi usipoitafutia ni silinda kutosimama wima sawasawa na ukuta. Lilitukuta sisi wenyewe. Tulimtolea kijana mmoja seti ya papi za mwanzi, tukapima ukingo mmoja tu wa kila moja, zote milimita 2.0, tukajipongeza. Baada ya wiki karudi na upinde mkononi. Upote ulikuwa umekaa pembeni kabisa ya mkono wa juu, na mkono umejisokota kama mkia wa samaki anayegeuka. Tulipopima mabaki ya papi zile, ukingo mmoja ulikuwa 2.0, wa pili 1.7. Meza ya drili ilikuwa imelegea na kuinama kidogo, kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona. Tulimfanyia seti mpya bila malipo, lakini gundi yake na faibaglasi yake vilishapotea. Tangu siku hiyo tunapima kingo zote mbili, kila baada ya sentimita 15, na namba tunaziandika kwa penseli juu ya upapi wenyewe. Ukichukua kazi kwetu utazikuta. Zikitofautiana kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi ya milimita, rudisha.

Papi zinazopungua unene kuelekea ncha zina ufundi wake. Kipimo kinachotumika sana ni kupungua milimita mbili kwa kila mita. Hapa hatuchezi na ukuta wa drili. Tunatengeneza kibebeo, ubao mgumu uliosagwa uwe kabari, ncha moja nene kuliko nyingine kwa kiasi kilekile. Upapi unabandikwa juu yake kwa gundi-tepu ya pande mbili, kisha vyote vinapita pamoja. Pale kibebeo kilipo kinene ndipo upapi unapotoka mwembamba. Mara nyingi mtu anasahau, anaweka alama kinyume, na anagandisha upinde wenye ncha nene na kiuno chembamba. Kwa hiyo andika "ncha" na "mshikio" kabla hujawasha mashine. Na papi za mikono miwili zitoke kwenye ubao mmoja, zisagwe siku moja, kwa msasa uleule.

Kuhusu msasa wenyewe, namba 60 au 80 inatosha. Uso ukiwa na mikwaruzo gundi ya epoksi inapata pa kushika, kwa hiyo usihangaike kuulainisha kama kioo. Msasa uliokwisha makali haukati, unasugua tu na kuchoma, na upapi uliopata joto upande mmoja unajikunja ukiwa bado mkononi. Msaji na mpingo zina mafuta, zifute kwa asetoni muda mfupi kabla ya kupaka gundi. Ukishafuta usiguse tena kwa vidole. Vumbi la mvule nalo linawasha ngozi na kubana kifua, kwa hiyo barakoa ni lazima, hata kama umezoea kufanya kazi bila hiyo.

Ukituletea mbao zako, tunaomba ziwe kavu. Mbao iliyotoka kunyeshewa tunaipima kwenye mizani ya jikoni leo na wiki ijayo. Kama bado inapungua uzito, hatuigusi. Hatupokei mbao za kreti zenye misumari wala zilizopakwa rangi. Nyuzi zinyooke toka ncha hadi ncha. Kama huna uhakika, dondosha tone la wino juu ya mbao uone linakimbilia wapi, kwani wino hufuata nyuzi. Likikatiza kwenda ubavuni, ubao huo tengenezea stuli.

Pinde za kuwindia hatuzishughulikii, na hilo tunalisema mapema ili tusisumbuane.

Mashine ya msasa inakuwa ya papi peke yake kila Jumamosi asubuhi, kabla joto la mchana halijapanda. Lete mbao Alhamisi zipumzike humu ndani siku mbili, na uje na mchoro au angalau urefu wa upinde na pauni unazotaka. Tutakaa nawe kwenye benchi kupanga unene pamoja kabla ya kukata chochote.